Kiraka cha Ikupa

1

Mama Syabumi alionja chai ya kliniki, akarudisha kikombe mezani, akasema chai hii ilikufa juzi na hakuna aliyejishughulisha kuizika. Alisema jambo la namna hiyo kila alipokuja. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mwonjaji wa kiwanda cha chai, anavuta funda, analizungusha mdomoni, analitema kwenye ndoo, kisha anauambia uongozi mzigo upi uuzwe na upi umwagwe. Alipostaafu, ulimi wake haukustaafu naye.

"Mikono iliyopika hiki ndiyo inayochoma watu sindano humu?" aliuliza.

Nikamwambia mimi ndiye fundi wa sindano, na fundi hapiki chai. Akacheka, akapandisha mkono wa sweta, akanipa mkono wake wa kushoto.

Hapo ndipo alipoishi Ikupa. Upande wa ndani, juu ya kiwiko, palikuwa na kipande cha ngozi kikubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, cheusi kidogo kuliko ngozi iliyokizunguka, chenye kovu la moto lenye umbo la tone. Ikupa aliungua akiwa na miaka sita, siku aliyong'ang'ania kugeuza maandazi mwenyewe. Mama yake alilijua kovu lile kuliko alivyoijua sahihi yake, na alipoulizwa ni sehemu gani ya bintiye ibaki Tukuyu, alichagua hiyo.

Kwetu, mtu anayekwenda kufanya kazi mwezini haondoki hivi hivi. Huchanjiana na wale anaowaacha. Zamani watu walichanjana chale, wakalambana damu, wakawa ndugu; sisi tunakata kiraka cha ngozi hai ya anayeondoka na kukipandikiza kwa anayebaki, nacho kinaishi. Anayevaa kiraka husalimiwa mara mbili. Unampa mkono yeye, kisha unagusa kiraka na kumwuliza mwenyewe kama hajambo. Aliyekivaa hujibu kwa niaba yake: hajambo, yuko kazini.

Ikupa alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Pango la barafu walilokuwa wakichimba kwenye ncha ya kusini ya mwezi liliwaangukia, yeye na wenzake wanne, na waajiri wao wakaandika kwamba miili haifikiki. Lakini kiraka hakijui habari za mwezini. Kiliendelea kuota vinyweleo na kutoa jasho siku za jua, na Mama Syabumi aliendelea kujibu, hajambo, yuko kazini. Hakuna aliyethubutu kumkatiza, kwa sababu desturi ni moja: matanga hayakaliwi maadamu ngozi ya mtu ingali hai juu ya mtu mwingine.

Mimi, Gwakisa, nilikuwa mchumba wa Ikupa. Mahari ilikwisha kupokelewa, ng'ombe wakaingia kwa wajomba zake, ikabaki harusi ya siku atakayorudi. Kwa hiyo Mama Syabumi alikuwa mkwe wangu, na mkwe kwetu hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, haketi naye mkeka mmoja. Tulitafuta njia. Nikivaa koti jeupe, mimi ni fundi wa viraka na naweza kumshika mkono. Nikilivua, mimi ni mkwe na natafuta pa kupita. Miaka yote ile niligusa ngozi ya Ikupa iliyokaa kwa mama yake nikiwa nimevaa glovu.

Nilikuwa na kiraka changu pia. Kilikuwa ndani ya kifundo cha mkono wa kushoto, kidogo kuliko cha mama, na katikati yake palikuwa na kidoa cheusi ambacho zamani kilikaa nyuma ya bega la Ikupa, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kukiona ila kwenye kioo.

Siku hiyo nilikipima kiraka cha mama kama kawaida. Rangi nzuri, joto zuri. Nikasogeza vidole kuelekea kwapani, na chini ya ngozi nikakuta kitu kigumu, kama punje ya hindi iliyokauka. Nikakisukuma. Hakikusogea.

"Umekuta nini?" aliuliza Mama Syabumi.

Nikamwambia nahitaji damu kidogo. Akageuza uso ukutani, maana hakupenda kuona sindano, na kama alivyofanya siku zote akainamisha kichwa na kukiambia kiraka kivumilie, si kitu, ni damu tu.

2

Dokta Mwaihojo, mkuu wa kliniki, alikuwa mama wa makamo aliyezoea kutoa habari mbaya akiwa anatafuna kitu. Alinisogezea majibu pamoja na sahani ya karanga. Uvimbe wa saratani, umekwisha kuingia kwenye tezi za kwapani, kisu peke yake hakitoshi. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho na kuacha kutafuna.

"Ruhusa iliyomo kwenye damu ya huyu mama ni mara tatu ya kipimo. Nani alimwongezea?"

"Mimi."

Ruhusa ndilo jina ambalo watu wetu waliipa dawa yenyewe. Kila seli ya mwili huvaa juu yake vitambulisho vya mwenye mwili, na vitambulisho hivyo hutofautiana kati ya mtu na mtu kama sura zinavyotofautiana. Ndiyo sababu nyama ya mgeni hushambuliwa ikaoza. Lakini ipo familia nyingine ya vitambulisho, vichache, vya pembeni, vinavyofanana karibu kwa watu wote. Kimoja kilipewa herufi G na kazi yake kubwa ni mimba. Mtoto aliye tumboni ni nusu ya baba yake, kwa hiyo kwa damu ya mama ni mgeni aliyejificha ndani kabisa ya nyumba. Seli za kondo la nyuma huvaa G. Walinzi wa mama, wale wanaoua bila kungoja amri, hufika wakiwa wamekwisha kukasirika, huisoma G, hutulia. Wengine hufanya zaidi ya kutulia. Hukaa pale na kusaidia kuipanua mishipa ya damu ili mtoto apate chakula.

Sisi tulichukua herufi hiyo tukaivalisha ngozi ya watu wanaosafiri. Kirusi kisichoambukiza hubeba maagizo ya kuitengeneza, hukiingia kiraka, na kila miezi mitatu tunakiongezea nguvu kwa sindano ndogo.

Mwaka mmoja kabla, kiraka cha Mama Syabumi kilianza kupauka ukingoni. Kitabu kinasema kiraka kikipauka kiachwe kife. Nilikuwa na akili kuliko kitabu. Nilikuwa nimejifunza kazi hii bila chuo, kwa kusoma na kushika, na nikawapita waliosoma. Nilijichoma mimi kwanza dozi ya mara tatu, nikangoja mwezi mzima, sikuona tatizo. Kisha nikamchoma mama. Sikuandika popote. Kiraka kikarudia weusi wake, kikang'aa, na mama akanisifu mbele ya watu wa kanisani kwake, nami nikazipokea sifa.

Kumbe virusi vilikuwa vingi mno, vikamwagika kwenye seli za jirani. Seli moja ya mama mwenyewe, iliyokuwa tayari inaharibika, iliokota maagizo yale na kujifunza kuvaa G. Walinzi wakaja, wakaisoma, wakatulia. Ikazaa. Watoto wake wakavaa vilevile.

Dokta Mwaihojo alisema faili langu litakwenda kwenye baraza la tiba, lakini mgonjwa kwanza, kiburi changu baadaye. Dawa ilikuwepo. Sindano ya kufuta huivua G tuliyoipandikiza, kila mahali ilipo, ndani ya siku chache. Walinzi wa mama wataamka, wataiona saratani, wataila.

"Na kiraka," nilisema.

"Na kiraka. Walinzi hawachagui."

Akaniambia pia kwamba mama yule ana haki ya kukataa na kwamba, kwa jinsi anavyomjua, atakataa. Bila dawa, hataona msimu ujao wa kupogoa chai.

3

Sindano ya ruhusa na sindano ya kufuta zote hazina rangi. Moja ina kifuniko cha kijani, nyingine kifuniko cheupe, na kifuniko hung'olewa kabla mgonjwa hajaingia.

Zamu ya mama ya kuongezewa nguvu ilikuwa wiki ile ile. Sitaki kujisafisha, nililipanga: ningemchoma ya kufuta bila kumwambia. Nilijiambia kwamba angekuwa mama yangu aliyenizaa ningefanya hivyo. Nilijiambia Ikupa mwenyewe angeniamuru. Kiraka kingegeuka chekundu, kisha kingekufa, nami ningetikisa kichwa na kusema viraka vya siku hizi ndivyo vilivyo, na mama angelia, angekaa matanga, angeishi. Hakuna mahali katika mpango ule ambapo mtu aliumia bila kupona. Niliugeuza kila upande nikaukuta mzuri, kisha nikaugeuza tena.

Akaja. Akaonja chai, akasema leo angalau imejaribu. Akapandisha sweta, akageuza uso ukutani. Nikapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti. Nilikuwa nimeisogeza sindano hadi ncha yake ikakaribia kovu la tone, ndipo akainamisha kichwa kama siku zote.

"Ikupa, vumilia," alikiambia kiraka. "Ni Gwakisa. Huyu hawezi kukuumiza."

Nikaiweka sindano kwenye trei, nayo ikalia juu ya chuma, naye akageuka. Nikamwambia yote. Nilianza na uvimbe, nikaenda kwenye dozi, nikaenda kwenye kilichomo ndani ya sindano ile na nilichotaka kukifanya nayo. Sikujitetea mahali popote, si kwa wema, ila maneno ya kujitetea yalikuwa yameniishia wiki nzima nikijiambia mwenyewe.

Mama Syabumi alishusha mkono wa sweta polepole, akaufunga kifungo.

"Vua koti," alisema.

"Mama?"

"Livue. Nataka kusema na mkwe wangu. Fundi simtaki."

Nikalivua. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikatazama chini. Chumba kilikuwa kidogo na kwa mara ya kwanza tulikuwa ndani yake tukiwa jinsi tulivyo.

"Ugonjwa huu umenipa wewe."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini uliongeza?"

"Kilikuwa kinakufa."

"Ningekuuliza kama kinakufa, ningeusikia ukweli kwako?"

Aliniuliza atabaki na muda gani, nikamtajia. Aliniuliza saratani ile inaumaje mwishoni, nikamwambia ukweli. Akachukua mkoba wake, nikampisha, akapita akiwa amejibana upande wa pili wa mlango kama heshima inavyotaka, hata siku ile.

Dokta Mwaihojo alinikuta nimeketi chini. Alisema wanawake waliowahi kuzaa hubaki na seli za watoto wao mwilini kwa miaka mingi, na kwamba huyu naye huenda anazo. Niende nimwambie kwamba hata kiraka kikifa, bintiye atabaki ndani yake. Neno hilo moja litamfanya akubali sindano.

Nilimuuliza kama ana hakika seli hizo zipo kwa mama huyu, na kama dawa ya kufuta haitazigusa. Hakuwa na hakika kwa yote mawili. Nikamwambia basi sitalisema, nimekwisha kumdanganya mama yule kiasi cha kutosha. Akatafuna karanga, akasema kiburi changu kimebadilisha nguo tu, lakini hakunilazimisha.

4

Siku ya nne Mama Syabumi alituma watu waniite. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, na nyumba yake, iliyo juu ya kilima, ilionekana bati tu. Nikaketi kibarazani, mgongo kwa mlango. Yeye alikuwa ndani, karibu na kizingiti. Nilisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni. Ndivyo mkwe na mama mkwe wanavyozungumza kwetu, kila mmoja akitazama kwake.

Alisema amekaa siku tatu akimuuliza Ikupa. Kiraka hakikujibu. Miaka mitatu alikuwa akimjibia, na sasa alipomhitaji ajibu mwenyewe, kimya. Alisema hapo ndipo alipouonja ukweli wa kifo.

"Nimekubali kumzika," alisema. "Lakini nitamzika mzima. Sitamzika nusu, nikuachie nusu."

Nilijua anachosema kabla hajamaliza, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kukishika kifundo cha kushoto.

"Mimi siumwi, mama," nilisema.

"Najua."

"Changu hakimdhuru mtu."

"Najua. Na mimi siwezi kukaa matanga ya mtu ambaye anatoa jasho mkononi kwako. Watu watakuja hapa walie nami, kisha wakukute njiani wamsalimie yeye. Unanielewa, baba?"

Aliniita baba, kama mtu anavyombembeleza mtoto wa kiume asiyetaka kunywa dawa. Nikakasirika. Nilisimama, nikasema nitafikiri, nikashuka kilima bila kuaga vizuri, na huko chini kwenye miti ya chai nikasema kwa sauti mambo ambayo mkwe hasemi.

Nilikaa siku mbili bila kwenda kazini. Ilikuwa desturi yangu kukiosha kiraka kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu, na siku zile mbili nilikiosha mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Kidoa kilikuwa pale pale. Ukikigusa na ulimi kilikuwa na chumvi ambayo si yangu. Najua sayansi inasema chumvi ni chumvi.

Ikupa alipokuwa mwezini nilimtumia mashairi. Neno likitoka Tukuyu humfika aliye kule kwa sekunde moja na kidogo, na yeye alikuwa anahesabu mizani kwa vidole vyenye glovu nene, ikizidi moja ananicheka. La mwisho lilikuwa hili:

*Ngozi yako mkononi, yapumua kama yangu,*
*Niamkapo shambani, naisalimu mwenzangu,*
*Wewe uliko mwezini, nami huku na ukungu,*

Alinijibu kwamba nisiandike mstari wa nne. Atauandika yeye, atauleta Jumapili. Pango lilianguka Ijumaa.

Sijawahi kuuandika. Watu wameniambia ni kazi ya dakika tano. Lakini mstari ule ni wake, na nilipokuwa nimelala chali siku ya pili, kiraka kifuani, nilielewa kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikingoja kipande hiki cha ngozi kiniletee. Niliongeza dozi kwa ajili hiyo. Si kwa ajili ya mama. Mama nilimtumia kama kibuyu cha pili, ili cha kwanza kikipasuka nisikose maji.

Hilo lilinisimamisha. Nikaoga, nikapanda kilima, nikaketi kibarazani na kuugeuzia mlango mgongo. Nikasema ndiyo. Ndani kijiko kiliacha kuzunguka.

5

Dokta Mwaihojo alituchoma sote wawili asubuhi moja, katika vyumba viwili vilivyo mkabala. Milango iliachwa wazi. Mama hakugeuza uso ukutani safari hii, na hakukiambia kiraka chochote.

Siku ya tatu changu kiliwasha. Siku ya tano kilikuwa chekundu na moto, na nilijua, kwa sababu ndiyo kazi yangu kujua, kwamba walinzi wangu walikuwa wamefika wakaikosa ile herufi, na kwamba hawakuwa na chuki yoyote naye. Siku ya tisa kikawa cha samawati, kisha cheusi. Kidoa ndicho kilichokuwa cha mwisho kupotea ndani ya weusi. Asubuhi ya kumi na mbili kiraka kizima kilibaki kwenye shuka.

Cha mama kilichukua siku mbili zaidi. Na punje ile ya hindi ikalainika, ikapungua, na baada ya mwezi mmoja vidole vya Dokta Mwaihojo viliitafuta vikaikosa.

Viraka vyote viwili tulivitia katika kopo la chai la bati, lile ambalo kiwanda humpa mtu anayestaafu, tukalizika nyuma ya nyumba kwenye migomba. Kaburi lilichimbwa refu kama la mtu mzima. Wachimba kaburi waliuliza kwa nini wachimbe kote huko kwa ajili ya kopo, mama akawaambia binti yangu alikuwa mrefu, chimbeni. Watu wakaja kwa siku tatu. Walilia kilio cha miaka mitatu kwa pamoja, na mimi nililia nao, kwa mara ya kwanza nikiwa na mahali pa kuelekeza uso.

Matanga yalipoanuliwa hakuna mtu aliyemgusa tena Mama Syabumi juu ya kiwiko. Walimpa mkono mmoja, salamu moja, wakapita. Baraza la tiba nalo likaninyang'anya koti na sindano kwa miaka miwili, likaniachia hadubini.

6

Miezi minne baadaye nilikuwa kwenye hadubini, naikagua damu ya mama kuona kama saratani imerudi. Haikuwa imerudi. Lakini mashine ilitenga seli chache na kuziwekea alama nyekundu: si za mgonjwa. Nilidhani nimechanganya chupa. Nikarudia na damu nyingine. Zikatoka tena, kumi na moja katika chupa nzima.

Nilivisoma vitambulisho vyake. Nusu ya vitambulisho ilikuwa ya mama. Nusu nyingine niliijua kwa kichwa, kutoka kwenye faili la Ikupa, kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake.

Nikatafuta alama ya kirusi chetu. Hazikuwa nayo. Hazikuwahi kuwa ngozi, wala kupita kwenye kliniki hii. Zilikuwa seli changa za uboho, za aina ambayo mtoto huimwaga kwa mama yake akiwa tumboni, na zilikuwa zimekaa ndani ya mifupa ya mama yule kwa miaka ishirini na tisa, zikizaa taratibu, kabla ya maandazi, kabla ya mwezi, kabla yangu.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilijua jibu lake. Nilijitoa damu, nikaitia kwenye mashine. Nikangoja. Nikarudia. Sifuri, na sifuri.

Niliziweka karatasi mbili mezani nikazitazama hadi wenzangu wakaenda kula na kurudi. Mama alikuwa ameanza kulala vizuri. Alikuwa amerudi kuimba kwaya. Nikimwambia, huenda akafukua kila kitu, akaanza tena kujibu, hajambo, yuko kazini. Nisipomwambia, nitakuwa nimemfichia tena kilichomo mwilini mwake, kwa faida yake, kama nilivyofanya mara ya kwanza. Jambo hili halikuwa na upande mzuri. Lakini la kuficha nilikuwa nimekwisha kulifanya na nilijua mwisho wake.

Nilipanda kilima saa tisa alasiri, jua likiwa kali baada ya mvua. Niliketi kibarazani, mgongo kwa mlango, nikamwambia.

Aliuliza ni ngapi. Nikamwambia. Aliuliza kama walinzi wake wanaziona.

"Wanaziona kila siku," nilisema. "Wanazipita tu. Ruhusa ya seli hizi si ya kwetu. Ulizipa wewe mwenyewe, ulipokuwa na mimba."

"Kwa hiyo nilichokizika?"

"Ulimzika yeye, mama. Hizi hazijui kusema, hazina sura. Zinatengeneza damu tu."

"Yangu."

"Yako."

Nikasikia akiweka kikombe sakafuni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe? Umejipima?"

"Nimejipima. Sina."

Kiti kikalia. Nyayo zake zikaja mpaka kizingitini, na hazikuishia hapo. Alitoka kibarazani, akaja mbele yangu, mahali ambapo mama mkwe hasimami. Niliinamisha macho nikaona ukingo wa kitenge chake na miguu yake yenye udongo mwekundu wa migombani. Akaunyosha mkono wake wa kushoto, sweta imepandishwa. Kovu jipya lilikuwa la mviringo, laini, na tupu.

"Sina koti, mama," nilisema.

"Naona kwamba huna koti. Msalimie."

Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa wa moto, wenye mifupa, ukinukia majani ya chai. Chini ya kidole changu mshipa ulikuwa unapiga, na mahali fulani ndani ya damu ile, ikipita haraka kuliko ninavyoweza kufuata, ilikuwemo moja ya seli zile.

"Ikupa," nilisema. "Hujambo?"

Ilikuwa zamu ya mama kumjibia, kama alivyofanya siku zote. Hakujibu. Alikaza tu vidole vyake juu ya vyangu, tukasimama hivyo, wote wawili tukingoja.